Kukomboa Kabla ya Siku: Rehani katika Miteremko ya Kilimanjaro

Neno rehani tumelipata kwa Waarabu, na watu wa pwani wamelizoea tangu zamani. Mtu huweka rehani mali yake, hupata fedha, kisha huikomboa. Nakuomba, msomaji, ukitazame kitenzi hiki cha mwisho. Kukomboa ndilo neno tunalolitumia kwa mtumwa aliyetolewa utumwani kwa fidia, na kwa nchi iliyotoka katika utawala wa wageni. Kwa hiyo lugha yenyewe imekwisha kutuambia kwamba kitu kilicho rehani ki kifungoni. Sasa, katika miteremko ya Kilimanjaro, neno hilo lilichelewa sana kupata kazi kubwa. Hapana mtu atakayesema kwamba Wachaga hawakukopana, walikopana mno. Ila mali yao iliyo kubwa kuliko zote, yaani kihamba, haikuwa kitu cha kutiwa mkononi mwa mgeni.

Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyokuwa na jinsi lilivyogeuka. Sababu yangu si ya elimu peke yake. Nyumba yangu mwenyewe, iliyoko Rau pembezoni mwa mji wa Moshi, ilikaa rehani miaka 7 badala ya miaka 15 iliyoandikwa katika mkataba, na gharama ya kuharakisha ukombozi huo haikuwa ya fedha tu.

Kihamba ni shamba la nyumbani: migomba, chini yake kahawa, kando yake mfereji unaoitwa mfongo, na mpakani mmea wa sale ambao kila mtu wa mlimani anaujua na kuuheshimu. Nyumba imo humo, na makaburi yamo humo humo. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho ndio waliotazamiwa zaidi katika urithi. Wa mwisho hubaki na nyumba ya baba yake, na wale wa katikati waliambiwa watafute ardhi mahali pengine wakati ardhi bado ilikuwapo. Baba aliyekishika kihamba alikuwa kama mlinzi wa zamu. Aliwapokea wafu kutoka kwa babaye na alipaswa kuwakabidhi kwa mwanawe. Mtu wa namna hiyo ataweka rehani kitu gani? Makaburi?

Madeni ya kale yalikuwa ya mifugo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake, maana macho ya majirani ni mengi. Aliwagawa kwa watu wa koo nyingine wamfugie. Mfugaji alikunywa maziwa na kutia samadi katika migomba yake, na ng'ombe na uzao wake wakabaki kuwa wa mwenyewe, kwa masharti waliyopatana. Kadhalika mahari haikulipwa kwa siku moja. Ilikwenda kidogo kidogo, mbuzi leo, pombe ya mbege kesho, hata watoto wa ndoa hiyo wakawa watu wazima na sehemu fulani bado inadaiwa. Deni la baba lilirithiwa na mwana, na dai vile vile. Wataalamu waliochunguza sheria za Wachaga, kama mchungaji Bruno Gutmann aliyekaa Old Moshi na kitabu chake kikatoka mwaka 1926, na baada yake Bi. Sally Falk Moore, walishangazwa na umri wa madeni haya. Mimi sishangai. Deni la ng'ombe lilikuwa kamba iliyofunga nyumba mbili. Aliyelipa upesi na kumaliza kila kitu alikuwa kama anayesema: tangu leo mimi na wewe hatuna tena neno. Kuchelewa kulikuwa na adabu yake.

Jambo hili naomba lishikwe, kwa sababu kila kinachofuata kinalitegemea. Katika deni la mlimani muda ulikuwa rafiki wa mdaiwa.

Wajerumani walipoingia walileta deni la namna nyingine. Kodi ina siku yake, na asiyelipa siku hiyo hupata taabu. Baada ya Mangi Meli kunyongwa, Machi 1900, hapakuwa na wa kubisha. Miteremko ya chini ilikatwa ikapewa walowezi, na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Kahawa ilikuwa imetangulia kidogo, ikipandwa na mapadre wa Kilema. Lakini Wachaga waliipanda kwa wingi baada ya Vita Kuu ya kwanza, wakitiwa moyo na Charles Dundas, bwana mkubwa wa wilaya. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, K.N.P.A., kilichoongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U., ambacho jina lake bado liko juu ya jengo lake mjini.

Kahawa ni mti wa miaka mingi, na kwa sababu hiyo ulivuruga desturi ya kuazimana ardhi. Zamani jirani aliweza kumwazima jirani kipande cha kulima, akapata kila mwaka zawadi ya pombe kama ukumbusho kwamba ardhi ni yake. Aliyepanda maharage huyavuna akaondoka. Aliyepanda kahawa ataondokaje? Miti ni yake, udongo si wake. Mabaraza ya wamangi yalisumbuliwa na kesi za namna hii: mwenye ardhi amekuja kukomboa, na mwazimaji anadai thamani ya miche, samadi na jasho la miaka kumi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, Wachaga walipoanza kujua rehani kwa maana ya leo. Haikutoka kwa mwenye fedha wa mjini, ilitoka kwa jirani aliye upande wa pili wa sale.

Mwenye fedha wa mjini alizuiwa na sheria. Serikali ya Waingereza, tangu miaka ya 1920, ilikataza asiye Mwafrika kumshitaki Mwafrika kwa deni la mkopo, ila mkataba uwe umeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Sheria ya Ardhi ya 1923 nayo ilifanya ardhi yote kuwa ya umma. Mtu alikuwa na haki ya kuikalia tu. Wengi waliona sheria ya mikopo kuwa ni dharau, kana kwamba Mwafrika ni mtoto asiyejua hesabu, na kweli dharau ilikuwamo. Lakini tazama Unguja, ambako waliokuwa na mashamba ya mikarafuu waliweka rehani mashamba yao kwa matajiri wa kukopesha, hata mwaka 1934 serikali ikalazimika kusimamisha madeni kwa amri na kuzuia ardhi isitoke mikononi mwa Waarabu na Waafrika. Mlimani maafa ya namna hiyo hayakutokea. Kilichowekwa dhamana mlimani ni kahawa yenyewe: mkulima alipata dawa na mbolea kwa mkopo, akapeleka kahawa yake chamani, deni likakatwa katika malipo, na kilichosalia akapewa kwa mafungu. Msimu ukiwa mbaya deni lilikaa. Ardhi ilikaa pia.

Katika miaka ya 1950 palizuka hoja kwamba hali hiyo iondolewe. Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, iliyotoa taarifa yake mwaka 1955, iliona kwamba mtu asiyemiliki ardhi peke yake hawezi kukopa, na asiyeweza kukopa hawezi kuendelea. Mwaka 1958 serikali ya Tanganyika ikapendekeza umilikaji wa daima. Mwalimu Nyerere alipinga kwa kijitabu chake Mali ya Taifa cha mwaka huo huo, akionya kwamba maskini wataiuza ardhi yao kwa matajiri na kubaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 iliugeuza umilikaji wa daima uliokuwapo kuwa upangaji kwa serikali. Hoja ya Tume haikuwa ya kijinga. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi mwenyewe nimejenga kwa mkopo. Lakini onyo la Mwalimu lilijua jambo moja ambalo Tume haikulitilia uzito: hatari ya rehani haimwangukii aliyetia saini peke yake.

Mikopo ya nyumba za mjini ina historia fupi. Benki ya Nyumba iliundwa kwa sheria ya 1972, na watumishi wengi walipata nyumba kwa njia yake. Ikafungwa mwaka 1995. Kwa muda baada ya hapo, mtu wa mshahara aliyetaka nyumba alijenga kwa tofali moja moja, msingi mwaka huu, kuta mwaka wa tatu, bati atakapojaliwa. Yeyote apitaye Pasua au Kiboriloni ataziona nyumba za namna hiyo. Nyingi huhamiwa kabla ya madirisha. Sheria za ardhi za 1999 zikaweka upya taratibu za rehani, na nyingine ya 2008 ikazirahisishia benki kazi. Tangu 2010 ipo kampuni ya kuzipatia benki fedha za mikopo ya muda mrefu. Hata ardhi ya kijiji, ikipata hati ya kimila, yaweza sasa kuwekwa rehani kwa taratibu zake. Mambo mawili katika sheria ya 1999 yanafaa kukumbukwa na kila mwenye nyumba. La kwanza, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya mwenzi. La pili, mwenye rehani anayo haki ya kulipa na kukomboa wakati wowote kabla mali yake haijauzwa, na mkataba unaomnyima haki hiyo ni batili.

Mwaka 2011 mke wangu nami tulikuwa na kiwanja Rau na msingi uliokwisha kuota nyasi. Tulipokwenda kuuliza habari za mkopo, jambo la kwanza lililozungumzwa ni dhamana. Nilipanda mlimani kumwuliza baba kama kihamba chake chaweza kupimwa na kupewa hati. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa kahawa. Bati la nyumba yake alilinunua mwaka 1977, wakati bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuangamiza mikahawa ya Brazili, na tangu bei zilipoanguka mwaka 1989 hakupata tena fedha za kuezeka upya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, babu yako yumo humo. Ukishindwa kulipa, watamhamishia wapi?" Hatukuzungumza tena habari hiyo. Tuliweka rehani hati ya kiwanja cha Rau, mke wangu akatia saini ya ridhaa, nasi Januari 2012 tukapata shilingi 30,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na muda wa miaka 15.

Hesabu yake naieleza kwa ukamilifu, maana nimeona watu wenye shahada wakitia saini pasipo kuifanya. Malipo ya kila mwezi yalikuwa shilingi 483,126. Katika mwezi wa kwanza riba ilikuwa 450,000. Kwa hiyo deni la asili lilipungua kwa 33,126 tu. Baada ya mwaka mzima tulikuwa tumetoa karibu milioni 5.8, na deni limepungua kwa laki nne na elfu thelathini na mbili hivi. Tungefuata mkataba mpaka mwisho tungelipa karibu milioni 87 kwa milioni 30. Hakuna wizi hapo. Ndivyo riba ya deni linalobaki inavyokwenda. Lakini hesabu hiyo hiyo ina mlango wa nyuma. Shilingi milioni moja ya ziada ikilipwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na ikiingia yote katika deni la asili, hufuta zaidi ya miezi 21 ya mwisho wa mkopo, yaani zaidi ya milioni 10. Milioni hiyo hiyo ikilipwa zimebaki miaka miwili, hufuta miezi mitatu tu. Kwa hiyo kila shilingi ya mwanzo ina nguvu kuliko nyingi za baadaye. Nilipoionyesha hesabu hii kwa mke wangu aliiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kalenda, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikaingia katika haraka ambayo wazazi wetu hawakuijua.

Tulikaa katika nyumba isiyopigwa lipu. Chumba cha uani alipangishwa mwanafunzi wa chuo cha ushirika. Fedha za kusahihisha mitihani, ambazo kwa walimu wengi ni fedha za Krismasi, zilikwenda benki. Mke wangu alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa, akawa anaamka saa kumi za usiku kabla ya kwenda kazini hospitalini. Daladala ilikuwa gari letu.

Milioni ya kwanza tuliipeleka Desemba 2012. Machi tulipoomba taarifa ya deni tuliona kwamba karani hakuiingiza katika deni la asili. Aliiweka kando kuwa malipo ya miezi miwili ijayo, kana kwamba tulikuwa na hofu ya kusahau. Faida ya haraka yetu ilikuwa imekwisha kuliwa kwa muda wa miezi mitatu. Hakuwa na ubaya; hakuwahi kuona mtu anayelipa kabla ya siku, ndivyo alivyosema. Tangu hapo kila fedha ya ziada tuliipeleka pamoja na barua inayosema kwa maneno wazi ipunguze deni la asili, na nakala ikapigwa muhuri. Amchekaye mwalimu wa lugha kwa kuandika barua nyingi na acheke. Barua zile zilikuwa na thamani kuliko makala zangu zote.

Kila mwaka uliofuata tulipeleka zaidi ya milioni 2. Nazo zilitoka wapi? Nimekwisha kutaja ng'ombe, chumba na mitihani. Sehemu nyingine ilitoka mahali ambapo sikupaswa kuigusa. Mwaka 2014 kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayemsaidia baba kihambani, alinijia kwa habari ya mwanawe aliyepata nafasi ya chuo. Alihitaji milioni moja na laki mbili. Kaka hakuomba mkopo; katika nyumba yetu yeye ndiye aliyeniuzia mbuzi wake wawili nilipokwenda kidato cha tano, na wala hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo deni. Nilikuwa nazo fedha hizo. Nilimpa laki mbili, nikamweleza habari za riba, miezi 21, na mlango wa nyuma. Alinisikiliza kama baba alivyosikiliza. Alinishukuru. Mtoto alikaa nyumbani mwaka ule, na mwaka uliofuata akanunua pikipiki kwa mkopo na kuanza kubeba abiria Kiboriloni. Desemba hiyo tulipopanda mlimani kama ilivyo desturi, kaka alichinja mbuzi, akanipa sehemu yangu, na hakuzungumza nami ila kwa habari za mvua.

Hapo ndipo nilipofahamu, kwa kuchelewa, nilichokuwa nimekisoma kwa Gutmann na Moore. Benki na kaka walikuwa wananidai wote wawili. Deni la benki lilikua kila mwezi nilipochelewa, kwa hiyo nililikimbilia. Deni la kaka halikua, halikuwa na karatasi, lilikuwa tayari kungoja hata kaburini. Kwa hiyo niliona laweza kungoja. Nililipa lile la haraka kwa fedha za lile la subira. Wengi wa rika langu waliokomboa nyumba zao mapema wamefanya hivyo hivyo, na huitwa watu wenye nidhamu.

Januari 2019 tulimaliza. Tulikuwa tumelipa karibu milioni 55, tukaepuka zaidi ya milioni 30. Hati ilirudi Februari ikiwa na muhuri wa kufutwa rehani, nami nikaipeleka mlimani kumwonyesha baba. Aliisoma karatasi yote kwa miwani yake, nambari ya kiwanja, majina yetu mawili, tarehe. Akaikunja akanirudishia. Akauliza, "Na yule kijana?" Nilisema bado yuko Kiboriloni, pikipiki imekuwa yake sasa.

Mwisho wa mwezi ule ulikuwa wa kwanza kwa miaka saba ambao shilingi 483,126 hazikukatwa. Nilizitoa, nikaongeza mpaka zikatimia milioni moja, nikampelekea kaka zikiwa ndani ya bahasha. Alikuwa uani anageuza kahawa juu ya chekeche. Hakuzikataa, wala hakuzihesabu mbele yangu. Aliiweka bahasha chini ya jiwe, akanipa upande wa pili wa chekeche niushike, akasema tungoje kahawa ikauke, ndipo tuzungumze habari za kijana.